Rafiki Si Dawa ya Presha

Siku hizi saikolojia imeingia katika uwanja uliokuwa wa falsafa kwa karne nyingi: kueleza maisha mema ni yapi. Mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwahimiza wenzake wasiishie kutibu magonjwa ya akili, bali wachunguze pia kinachomfanya mwanadamu astawi. Sisi tunaosoma falsafa tunaifurahia hatua hiyo. Hata hivyo, tunalo swali.

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938. Wanaume 724, baadhi wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston, walifuatiliwa tangu ujana hadi uzee. Ilionekana kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofikisha 80.

Kwetu hilo halishangazi; bibi zetu walilijua bila kupima damu ya mtu. Kinachotusumbua ni jinsi linavyohubiriwa: jenga urafiki ili uishi miaka mingi. Hapo rafiki amewekwa kapu moja na mchicha na mazoezi ya asubuhi. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, alitofautisha urafiki wa manufaa, wa raha, na ule wa watu wema wanaotakiana mema kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Anayekwenda kumwona mgonjwa ili presha yake mwenyewe ishuke, amekwenda kumwona nani hasa?

Mwanasaikolojia atasema yeye hapimi nia, anapima matokeo. Ni haki yake. Lakini wazee wale wa Boston hawakupendana na wake zao kwa kufuata ushauri wa watafiti. Walipenda tu, na afya ikafuata nyuma. Ukigeuza mpangilio huo, umebaki na ule urafiki wa kwanza wa Aristotle, unaokufa siku faida inapokwisha.

Seminarini jambo hili linatugusa. Tunalala bweni moja, tunakula meza moja, tunasali pamoja, na bado frateri anaweza kumaliza wiki nzima akijibu "nzuri" kwa kila salamu huku moyoni ameelemewa. Kiswahili chetu kina utaratibu wake: habari huanza na "nzuri", kisha ndipo huja "ila". Nzuri, ila mama anaumwa. Nzuri, ila sina hakika kama nitaendelea na wito. Wengi wetu tunakuwa tumeshapita kabla "ila" haijatamkwa, tunawahi kengele, au (tuseme kweli) tunawahi mpira kwenye runinga. Tungependa walezi watuachie walau jioni moja kwa wiki runinga ikiwa imezimwa, tukae nje tu, bila mada wala mwenyekiti.