Vijana Wasome Vitabu Vinavyouliza

Kijana asomaye kwa ajili ya mtihani tu hufunga kitabu siku mtihani unapokwisha. Sisi twataka asome ili ajue kupima mambo.

Twapendekeza vitabu viwili. Cha kwanza ni Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, Mwingereza angali akitutawala. Humo Karama ashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Cha pili ni Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Imani ya maji yaunganisha makabila. Imani hiyo hiyo yawapeleka watu mbele ya bunduki za Wajerumani.

Wako watakaonung'unika kwamba vitabu hivi vitawafundisha vijana kuwahoji viongozi. Naam, na iwe hivyo! Uhuru wetu wenyewe ulianza kwa swali: kwa nini tutawaliwe? Chama kilichozaliwa na swali kisiogope maswali ya watoto wake.

Basi kila tawi linunue nakala. Vijana waucheze mchezo huo mbele ya wazee, kisha waulize, na wazee wajibu.