GoldenEye, myaka 30 kisha: filme yenye ilifufua kazi, na mikono yenye kuifufua

Wandugu wa mu mugodi, na ninyi wamama na watoto munaosoma hii kurasa ku nyumba, leo naacha kidogo mambo ya mushahara na ya kofia za usalama. Tuzungumuze sinema. Haiko kwa kupoteza wakati. Kuko kazi moja ya sinema yenye iligeuza bwana mu mwezi wa pili 2025, na mutu wa sandika anajua: wakati kazi inageuza bwana, ni pale watumikaji wanapaswa kufungua macho.

Ile kazi ni ya James Bond, mupelelezi wa Uingereza mwenye namba 007. Amazon ilinunua kompani MGM mu 2022 kwa dola karibu miliari 8 na nusu. Lakini hata kisha kununua, neno la mwisho juu ya filme za Bond lilibakia kwa watu wawili: Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, kaka yake wa mama mumoja. Ile jamaa ilikuwa inashika hii kazi tangu filme ya kwanza, 1962. Mu Februari 2025 wakaachilia usukani kwa Amazon. Filme ya mwisho ilikuwa imetoka mu 2021, na mu filme ile Bond mwenyewe anakufa. Sasa kila mutu anauliza ginsi ya kufufua mufu, na wote wanarudilia jina moja: GoldenEye, ya 1995.

Juu gani ile? Juu ile mara kazi ilikuwa imekufa kweli kweli, na ikafufuka.

Mu 1989 filme ya Timothy Dalton ilitoka na haikuingiza feza nyingi sana. Mwaka ule ule ukuta wa Berlin ukaanguka. Kisha ikafuata kesi. Mu 1990 Mutaliano mumoja, Giancarlo Parretti, alinunua MGM kwa feza yenye hakuwa nayo, na kwa kuipata akataka kuuza haki za kuonyesha filme za zamani za Bond ku televizyo kwa bei ya chini. Mzee Albert Broccoli, baba yake Barbara, akaenda ku tribinali. MGM yenyewe ikaishia mu mikono ya banki ya Wafaransa, Crédit Lyonnais, yenye ilikuwa imetoa deni. Munaona? Hata Hollywood bwana anaweza kununua usini kwa deni na kuanza kuuza mashini mbele ya kuwasha moto. Myaka 6 ikapita bila filme hata moja, na mu ile myaka Umoja wa Sovieti nao ukakufa. Mupelelezi akabakia bila kesi, bila bwana, na bila adui.

Sasa musikilize hadisi ya kontra, yenye mimi ninapenda kuliko zote. Pierce Brosnan, mwenye alicheza Bond mu GoldenEye, alikuwa amechaguliwa tayari mu 1986. Alikuwa na kontra na televizyo moja ya Marekani juu ya filme za mufululizo, Remington Steele. Ile televizyo ilikuwa imesimamisha mufululizo wake. Brosnan akafikiri amekuwa huru. Lakini mu kontra kulikuwa kifungu: walikuwa na siku 60 za kugeuza mawazo. Wakati walisikia kama anaitwa kuwa Bond, na jina lake likapanda bei, siku za mwisho mwisho wakamurudisha ku kazi. Nafasi ikapewa Dalton. Brosnan alingojea mpaka Juni 1994, wakati Dalton alikuwa ameacha. Myaka 8 juu ya kifungu kimoja. Kila mara nafundisha vijana wa sandika kusoma kontra mpaka ku mustari wa chini, natumia mufano huu, na wanasikiliza kuliko wakati ninasoma Code du travail.

Kwetu, ile myaka munaikumbuka. Vita baridi haikuwa kwetu jambo la sinema. Uranium ya Shinkolobwe iliingia mu bomu ya Hiroshima, na kisha uhuru wapelelezi wa Wamarekani na wa Wabelgiji walikuwa wanatembea mu miji yetu. Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville mu 1961. Wakati ile vita iliisha, Mobutu akapoteza rafiki zake wa Magaribi, na tarehe 24 Aprili 1990 akatangaza mwisho wa chama kimoja. Shaba ya inchi yetu, yenye ilipita tone 400 000 kwa mwaka mu myaka ya 80, ikaanguka mpaka chini ya tone 50 000 wakati filme hii ilitoka. Dunia ile ile ilikufa kwao na kwetu. Kwao kazi ya zamani ilifufuka. Ya kwetu, munajua. Ndiyo maana naangalia hii filme sawa vile fundi anaangalia motere ya jirani yenye iliwaka asubui, na yake ilikatala.

Niliiona mara ya kwanza mu nyumba ya video ya kamuji, kasete yenye watu walikuwa wamechezesha mpaka rangi ikageuka. Tulikuwa tumekaa ku mabao, televizyo ndogo mbele, na jeneratere nje ikipiga kelele kuliko bunduki za filme. Mwenye nyumba alikuwa anatutafsiria mu Kiswahili, nusu ya kweli, nusu ya kwake.

Jambo la kwanza lenye waandikaji na muongozaji Martin Campbell walifanya, hawakukimbia swali. Kila mutu alikuwa anauliza: huyu mutu angali na faida? Wangeweza kumutafutia adui mupya haraka na kunyamaza. Wao walitia lile swali ndani ya filme, na wakalitia mu kinywa cha patroni wake mwenyewe. Na patroni ni mwanamuke, Judi Dench. Anamuita mu biro na kumuambia usoni kama yeye ni nyama ya zamani yenye imebakia ya vita baridi, na ginsi anachukua wanawake haimupendezi. Haikutoka hewani: tangu 1992 Uingereza ilikuwa na mwanamuke ku kichwa cha usalama wa ndani, Stella Rimington. Dench alibakia patroni mu filme 7, mpaka 2012. Mu ile nyumba ya video wanaume walichekelea. Mama mumoja mwenye kuuza karanga ku mulango alisema: «Acha amuambie.»

La pili, adui. Haiko Murusi. Ni mutu wa kazi yao, namba 006, Alec Trevelyan, mwenye Bond alifikiri amekufa. Wazazi wake walikuwa Wakozaki wenye Waingereza walitoa mu mikono ya Stalin kisha vita ya pili. Hiyo haiko hadisi ya sinema: mu 1945, kule Lienz mu Austria, Wakozaki maelfu walitolewa kweli. Serikali ile ile ilimukomesha yule mutoto na kumutumikisha, ikifikiri hakumbuki. Ninawaambia, hakuna mutu wa hatari sawa mutumikaji mwenye alitumikia nyumba yenye ilivunja jamaa yake. Filme haimupe haki, anataka kuiba feza ya London na kuzima mashini zote za muji kwa silaha ya mu anga. Lakini inamuacha aseme mbele ya kumuangusha. Filme za mbele hazikumupatia adui nafasi sawa ile mara nyingi.

Tuingie sasa mu atelye, juu pale ndiko kuko jambo.

Pinewood, kwenye walizoea kutumika, ilikuwa imejaa. Wakapata usini tupu karibu na London, Leavesden. Wakati wa vita ya pili walikuwa wanaunga pale ndege za kupigana. Kisha Rolls-Royce ikatengeneza pale motere za elikopta, mpaka mu mwanzo wa myaka ya 90 wakafunga. Watu wa Bond wakaingia mu zile hanga na kujenga ndani ya uwanja barabara za Saint-Pétersbourg, juu ya kupitisha Bond na kifaru. Kisha Harry Potter ikafuata mu nyumba ile ile, na Warner ikainunua yote mu 2010. Leo kuko kazi kule kila siku, na watalii wanalipa kuingia. Najua, fundi wa motere hageuke fundi wa sinema siku moja, na sijasema kama ile ni dawa ya kila usini. Nasema tu kama hakuna mutu aliuza mabati.

Na ule murukaji. Filme inafunguka na mutu anajitupa ku baraji, metre 220, amefungwa kamba ku miguu. Baraji ni ya Verzasca, mu Uswisi. Mutu ni Wayne Michaels, mwenye kazi ya hatari, haiko Brosnan. Hakuna kompyuta. Wenye kushuka mu mugodi juu ya kabli wanajua ginsi tumbo lake lilisikia. Jina lake haliko ku afishi, na mpaka leo watu wanalipa kuruka pale pale sawa 007. Fundi mwengine, Derek Meddings, alitengeneza vitu vidogo vidogo vyenye vilionekana vikubwa ku ekrani. Alikufa mbele filme haijatoka, na wakaandika jina lake ku mwisho. Ile heshima ilinigusa.

Feza? Filme iligharimu dola karibu milioni 60, ikaingiza zaidi ya milioni 350. Mzee Broccoli alikufa Juni 1996, amekwisha kuona. Campbell yule yule alirudishwa kufufua Bond tena mu 2006 na Daniel Craig. Mu 1997 vijana wa kompani ndogo ya Uingereza, Rare, wengi wao hawajatengeneza muchezo hata moja mbele, walitoa muchezo wa video wa GoldenEye ku Nintendo 64, watu 4 ku ekrani moja. Ulipita milioni 8. Kuko watoto wenye wanajua ule muchezo na hawajaona filme.

Ile sahani kubwa kwenye Bond na 006 wanapigana ku mwisho, ile ya metre 305, ilikuwa ya kweli: Arecibo, Puerto Rico, ya kusikiliza nyota. Kabli moja ilikatika Agosti 2020. Ya pili, kubwa zaidi, Novemba. Tarehe 1 Desemba yote ikaanguka. Hakuna mutu alikufa, juu kisha kabli ya pili walikuwa wamekataza watu kukaribia. Wapatroni wenye kusoma hii kurasa wasome tena ule mustari.

Sasa Amazon. Mu Juni 2025 walitangaza Denis Villeneuve kuwa muongozaji, mutu mwenye kujua kazi yake. Feza wako nayo kuliko Broccoli walikuwa nayo 1995. Swali langu ni la atelye: mu 1995 jina la jamaa lilibakia ku mulango, na wajengaji wa filme za mbele, sawa Peter Lamont, walirudi na kuongoza wapya. Kuko mutu ameenda kuwaita wale wa leo kwa jina, mumoja mumoja, mbele ya kutafuta sura ya kutia ku afishi?