Aliyeitwa Naye Huchoka

Kuna imani iliyokaa vichwani mwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki utadhani ni aya ya Maandiko: mtu aliyeitwa na Mungu kuanzisha kanisa hachoki. Akichoka, hakuitwa. Akikata tamaa, ana dhambi ya siri. Akilia mbele za watu, basi huko kwao kuna aliyemchezea. Imani hiyo haimo katika Biblia, haimo katika historia ya kanisa la hapa kwetu, na inawaumiza watu wazima wenye familia zao.

Tuanze na Biblia, maana ndiyo inayosingiziwa. Muda mfupi baada ya ushindi wa Karmeli, Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Musa alimwambia Mungu waziwazi kwamba mzigo wa watu wale umemshinda, akapewa wazee 70 wa kuubeba pamoja naye. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia alifika mahali pa kukata tamaa hata ya kuishi. Watatu hao wakisimama leo katika madhabahu zetu na kusema hayo, wataitishiwa maombi ya kufunguliwa kabla hawajamaliza.

Historia nayo haidanganyi. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine, kisha mtoto wao mchanga. Agosti 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walipanda Rabai kwenda kuanza kituo cha misheni, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana kupanda punda. Sehemu hiyo husimuliwa sana kwa sababu ina ushujaa. Kisichosimuliwa ni kilichofuata: Krapf aliondoka mwaka 1853 afya ikiwa imeharibika, na Rebmann akabaki mpaka 1875, miaka 29 tangu afike, akarudi Ujerumani karibu kipofu. Alikufa mwaka uliofuata. Waongofu aliowaacha Rabai walikuwa wachache mno kwa miaka yote hiyo. Kwa kipimo cha leo, Rebmann hakuitwa.

Sasa tazama kanisa changa la kawaida pembezoni mwa Dar es Salaam. Jumamosi jioni mchungaji na mkewe wanafagia darasa la shule ya msingi waliloruhusiwa kulitumia, wanasogeza madawati, spika inaletwa kwa bodaboda. Jumapili mchungaji anahesabu watu huku akijifanya anaangalia saa. Mpiga kinanda hakuja, wiki ya pili sasa, na inasemekana ameonekana kwenye huduma nyingine yenye vyombo vizuri. Aliyekuwa akilipia turubai amehama na familia yake yote bila kuaga. Jumatatu simu zinaanza: msiba, ndoa inayovunjika, mtoto anayeumwa, ada. Mbeba maono huyu anatunza siri za nyumba za watu, na za nyumba yake hana pa kuzipeleka. Akimwambia muumini, zitaenea kabla ya ibada ya katikati ya wiki. Akimwambia mchungaji jirani, huyo naye anagombea kondoo walewale. Mkewe, ambaye hata wazee wanamwita mama mchungaji, amechoka kuliko yeye.

Mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) anayetumwa kufungua mtaa mpya walau ana mkuu wa jimbo juu yake na dayosisi nyuma yake. Mwanzilishi wa huduma huru hana mtu. Wapo, ni kweli, wanaofungua makanisa kama vioski. Lakini hao si mada ya leo, na kwa kawaida hao hawachoki kabisa.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja nzito: mchungaji akionyesha udhaifu, kondoo watatawanyika. Lakini historia inasema vingine. Mwaka 1856 mhubiri Charles Spurgeon, kijana wa miaka 22, alikuwa akihubiri katika ukumbi jijini London pale mtu alipopiga kelele za uongo kwamba kuna moto. Watu saba walikufa katika mkanyagano. Huzuni nzito ilimwandama Spurgeon tangu hapo, na hakuificha: aliifundisha darasani kwa vijana waliokuwa wakiandaliwa kuwa wachungaji. Kondoo hawakutawanyika. Miaka mitano baadaye kanisa lake lilihamia jengo la kuchukua maelfu.

Na si lazima kwenda Uingereza. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowapa kina babu na bibi zetu jina la Walokole, una mzizi wake katika mtu aliyechoka. Joe Church, daktari wa misheni huko Gahini, Rwanda, alikuwa amepitia njaa kubwa ya mwisho wa miaka ya 1920, amezidiwa na kazi na upweke. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeon Nsibambi, Mganda, wakaketi pamoja na Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri upungufu wake. Uamsho ulipoenea, ulienea kwa desturi hiyohiyo: vikundi vya ushirika ambamo mchungaji, mwalimu na mkulima walisimama kuungama mbele ya wenzao. Warithi wa uamsho huo ndio leo wanaosema mtumishi hachoki.

Mtu asiyeruhusiwa kuchoka hatimaye hawezi kuulizwa chochote, na hapo ndipo madhara yanapowafikia waumini. Serikali haitusaidii hapo; yenyewe hukagua mengine. Mwanzoni mwa 2018 Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali kwa sababu kama usalama wa majengo, usafi na kelele. Hapa Tanzania Msajili wa Jumuiya anataka katiba na orodha ya waanzilishi. Hakuna fomu inayouliza mchungaji mwenyewe anachungwa na nani.

Swali hilo ni la kanisa mama kuliuliza. Kanisa linalotuma mtu kufungua kazi mpya limpe, kabla ya kumpa spika, mchungaji mmoja mzee, asiyegombea waumini naye, wa kumpigia simu usiku. Limpe siku moja ya wiki ambayo simu yake inapokewa na mwingine. Nanyi waumini, mkisikia mchungaji wenu amesema amechoka, msimwekee mikono. Mpelekeeni chakula, mwacheni alale.