Saiti za Maloya Zinang'aa, Lakini Ukishikwa Usiku Zitakusaidia Aje?

Fungua saiti tatu za kampuni za mawakili hapa Nairobi. Ya kwanza iko na picha ya nyundo ya jaji. Ya pili ni suti mbili zinasalimiana. Ya tatu ni KICC jioni, taa zimewaka. Juu yake kuna Kizungu kizito kuhusu ubora na uadilifu. Sasa tafuta namba ya simu. Utashuka na kidole mpaka bando ililie.

Hiyo ndio shida ya kampuni nyingi zikiamua kutengeneza saiti upya. Doh inaenda kwa sura. Mdosi anataka ikae kama ya London, anaangalia kwa kompyuta kubwa ya ofisi, anapiga saini. Msee mwenye ana shida kweli anaangalia kwa simu, saa nane usiku, na chaji imebaki kidogo.

Na hii si story ya urembo tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema ukishikwa uko na haki ya kuongea na wakili, na unafaa kufikishwa kortini kabla masaa 24 yaishe. Hayo masaa yanahesabika hata kama saiti bado inaload video ya ndege ikizunguka Upper Hill. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, maloya wengi walijitolea bure, na mafamilia waliwapata kupitia namba zilizozunguka X na WhatsApp. Hakuna mtu aliuliza rangi ya nembo. Watu walitaka jina, namba, na mtu wa kushika simu.

Sasa kuna upande mwingine noma zaidi: utajuaje huyo ni loya wa ukweli? Mnakumbuka Oktoba 2023, kesi ya jamaa aliyedaiwa kujifanya wakili, ikawa gumzo la nchi nzima. Chama cha mawakili, LSK, kilisema jamaa aliingia kwa mtandao wake, akapata akaunti ya wakili halisi mwenye jina karibu sawa na lake, akabadilisha maelezo na kuweka picha yake. Mwenye akaunti alishtuka aliposhindwa kuingia.

Funzo ni gani? Sehemu moja ya kuhakikisha haitoshi. LSK iko na ukurasa wa kutafuta wakili kwa jina na kuona kama ana leseni ya mwaka huo. Saiti ya kampuni inafaa kuwa shahidi wa pili: picha ya kila wakili, jina kamili vile liko LSK, mwaka aliapishwa, jengo na ghorofa ofisi iko. Hizo pande mbili zikikosana, wewe hepa. Lakini saiti ikiweka picha za wazungu wa kununua mtandaoni na iandike tu "timu yetu", imekunyima hiyo nafasi ya kulinganisha.

Maloya nao watasema sheria imewafunga mikono. Ni kweli kiasi. Zamani wakili hakuruhusiwa kabisa kujitangaza, mpaka Mahakama Kuu ikasema marufuku ya jumla haiendani na Katiba, na kanuni za 2014 zikafungua mlango kidogo. Pia Sheria ya Mawakili inakataza kujinadi kwa bei ya chini kuliko kiwango kilichowekwa. Kwa hivyo usitarajie ofa kama za supamaketi.

Lakini kueleza vile bili inapigwa si kushusha bei. Mwambie mteja kama kikao cha kwanza kinalipiwa. Mwambie ada ya korti ni tofauti na malipo ya wakili. Mwambie aje na karatasi gani. Na umwambie kwa Kiswahili pia, juu Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii.

Kuna wale watajibu, "Wateja wetu ni mabenki, si wasee wa mtaani." Sawa, hiyo ni biashara yao. Basi waandike mbele kabisa: hatufanyi kesi za jinai. Hiyo sentensi moja inaokoa mtu dakika ishirini za kupiga simu ambayo haitamsaidia.

Halafu kuna ile fomu ya "tuandikie shida yako". Hapo ndio watu humwaga kila kitu: talaka, deni, namba ya kitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haichezi. Septemba 2023, kamishna wa data alipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Kama picha ya mtu akijienjoy kwa kilabu inaleta hiyo bili, fikiria siri ya kesi ikivuja. Fomu iulize jina, namba na aina ya kesi tu. Hizo zingine ziongelewe ofisini.

Na wewe kijana unayelipwa kutengeneza hizi saiti, kazi yako si kupaka rangi. Kabla uchore chochote, uliza wale wenye hushika simu hapo mapokezi: watu hupiga wakiuliza nini? Hayo maswali matano ya kwanza ndio ukurasa wako wa mbele. Ijaribu kwa simu ya bei ya chini, kwa bando, si kwa WiFi ya ofisi. Na domain ya .co.ke isajiliwe kwa jina la kampuni, si lako. Ukiishikilia ndio ulipwe, wateja wao ndio wataumia wakikosa kuwapata. Dai deposit mapema na uandikishe mkataba.

Saiti ya loya si bango la Thika Road. Kwa mwenye amefurushwa kwa keja, ama mathee anatafuta kijana wake kwa seli, hiyo ndio mlango wa ofisi, na saa hiyo ofisi imefungwa. Kampuni ikitaka kuiunda upya, ianze na huyo mathee. Nyundo ya jaji inaweza kungoja.