Mbwa Haachwi, Hukabidhiwa

Mtumishi apatapo uhamisho hupanga kila kitu chake: kitanda hupakiwa, kuku huuzwa, funguo za nyumba hurudishwa. Mbwa peke yake ndiye husahauliwa hadi siku ya safari. Wengine humwacha uani; wengine humpeleka kwenye kituo cha kutunza wanyama, wakaondoka bila kusema neno. Kwa maoni yangu njia zote mbili zina kasoro moja: mbwa ametengana na mtu pekee azijuaye habari zake.

Habari hizo zina uzito wa kisayansi. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama mgonjwa. Aghalabu binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyeambukizwa aweza kukaa majuma kadhaa akionekana mzima. Kwa hiyo ampokeaye hawezi kumpima kwa macho. Hana budi kuambiwa ni lini alichanjwa, na kama amepata kuumwa na mnyama mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisiwa cha Pemba chatupa funzo. Kwa kampeni za chanjo, ugonjwa huo ulitokomezwa huko mwaka 2014. Mwaka 2016 ulizuka tena, na ukakomeshwa mwaka 2018 baada ya juhudi mpya. Virusi hivi haviogelei baharini. Huvushwa ndani ya mwili wa mnyama. Wataalamu hushauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili maambukizo yakatike. Mbwa aliyetupwa hutoka katika hesabu hiyo, kwani hana wa kumpeleka kwenye chanjo ijayo. Akiwa jike mwenye mimba, baada ya siku 63 hivi watoto wake nao huzaliwa bila mwenyewe.

Basi mwenye mbwa na aanze mapema. Ampeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe, na ikiwezekana ahasiwe. Amtafute mpokeaji miongoni mwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake; akaone mahali mbwa atakapokaa; kisha aeleze bila kuficha chakula chake, tabia yake, na kama amepata kumwuma mtu. Cheti cha chanjo kiambatane naye.

Huenda mtu akasema kwamba vituo vimewekwa kwa kazi hiyo. Ni kweli, lakini vituo ni vichache, nafasi zake zahitajiwa na wanyama waliojeruhiwa au wasio na mwenyewe, na mbwa wengi wakiwekwa pamoja huambukizana magonjwa upesi. Kituo kiwe kimbilio la mwisho, na hata huko mbwa afike na cheti chake.

Mwalimu wa baiolojia aweza kulianza somo hili kwa swali jepesi: ni wanafunzi wangapi darasani wanaojua tarehe ya mwisho ya chanjo ya mbwa wa nyumbani kwao? Aijuaye ndiye awezaye kumkabidhi mbwa wake kwa amani.