Tuandike Nasaba Zetu Wazee Wangali Hai



Ndugu wasomaji, hivi karibuni kamati ya msikiti wetu hapa Songea ililetewa mirathi ambayo kwa hesabu ya vitabuni ilikuwa nyepesi. Mzee wetu mmoja alifariki akaacha mke, binti mmoja, nyumba na shamba. Mke hupata thumni iwapo marehemu ameacha mtoto. Binti aliye peke yake hupata nusu. Na kinachobaki, yaani sehemu tatu za nane, humwendea jamaa wa kiume aliye karibu zaidi kwa upande wa baba. Wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia mbele ya haki, na dada hakuwa naye. Ilibaki kumjua jamaa huyo tu.

Hapo ndipo tulipokwama. Wana wa ami yake walikuwapo, na kwa nia njema kabisa walidhani kwamba baki ni yao. Lakini mjane alikumbuka kuwa marehemu alikuwa na ndugu aliyekwenda Tanga zamani kukata mkonge, akaoa huko, akazaa huko na kufia huko. Je, ndugu huyo walichangia baba, au walichangia mama tu? Suali hilo ndilo lililobeba fungu zima. Ikiwa walichangia baba, basi wanawe wa kiume wanawatangulia wana wa ami. Ikiwa walichangia mama tu, hawana fungu. Aliyelijua jibu alikuwa shangazi yao, na shangazi huyo tulimzika sisi wenyewe katika mwezi wa Shaaban.

Baada ya kutafuta sana, binti wa marehemu alifungua sanduku la bati la baba yake, akakuta barua ya zamani kutoka shamba la mkonge wilayani Korogwe. Mwandishi alikuwa ameweka majina yake matatu, na majina ya baba na babu yalikuwa yale yale ya marehemu. Tuliwasiliana na Waislamu wenzetu wa huko, wakapatikana vijana wawili wenye cheti cha ndoa cha baba yao. Wana wa ami, Allah awalipe kheri, waliridhia bila ugomvi. Lakini tulirudi nyumbani tukiwa na hofu: haki ya watu wawili ilikuwa imening'inia kwenye karatasi moja iliyokwisha kuanza kuliwa na mchwa.

Ndugu zetu, kuijua nasaba si jambo la fahari. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga undugu. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat aya ya 13, imetufundisha kwamba tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele ya Allah ni yule mcha Mungu zaidi. Basi anayeandika ukoo wake ili ajitukuze juu ya wenzake ameshika kalamu kwa mkono usiofaa. Tunaandika kwa sababu ndoa, mirathi na kuunga kizazi ni haki, na haki haisimami juu ya dhana.

Hapa kwetu Ruvuma jambo hili lina uzito wa pekee. Wangoni waliofika katika karne ya 19 kutoka kusini walikuja na majina ya koo zao, kama Gama, Mbano na Tawete. Katika safari zao na katika vita vyao waliwaingiza watu wa makabila mengine, na wengi wa hao walichukua majina ya koo za mabwana waliowapokea. Baadaye ikaja Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika pale Makumbusho ya Majimaji, Mahenge, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Lakini ni nadra kuwakumbuka watoto walioachwa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi, na yatima wakalelewa walikopata chakula. Kwa hiyo jina la ukoo peke yake si ushahidi wa damu. Suratul Ahzab, aya ya 5, inatuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Na mtoto wa kulea, pamoja na mapenzi yote anayostahiki, hawi mrithi wala maharimu kwa sababu tu ya kulelewa.

Yakafuata mashamba ya mkonge. Zama za Waingereza, wilaya ya Songea ilitoa vijana wengi waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na wako ambao hawakurudi. Halafu kikaja kipindi cha kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, ambapo familia nyingi ziliyaacha mahame pamoja na makaburi ya wazee wao. Ni familia chache hapa ambazo hazikuguswa na mambo hayo.

Tuanze vipi? Kwanza, chukua daftari, ujiandike wewe mwenyewe, kisha baba na mama, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Usiruke upande wa wanawake. Tumezoea kusema fulani bin fulani bin fulani, na bibi zetu wakabaki bila majina, ilhali mirathi na umaharimu hupita pia kwao. Kila ndugu uliyemwandika, andika alichangia nini na mwenzake: baba, mama, au wote wawili.

Pili, nenda kwa wazee kabla ya kwenda kwenye karatasi. Nenda na adabu, na usimchoshe mzee kwa siku moja. Usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani; muulize alikuwa mkubwa kiasi gani wanaume walipokwenda vita vya Burma, au siku ya Uhuru mwaka 1961, au wakati wa Vita ya Kagera. Kwa matukio hayo utaupata mwaka kwa kukadiria. Muulize pia nani alimnyonyesha nani. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, manyonyo matano kamili ya mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili yanatosha kuharimisha ndoa, na jambo hili haliandikwi katika cheti chochote.

Tatu, fungua masanduku. Vyeti vya ndoa, barua, kadi za TANU, stakabadhi za kodi, kadi za ushirika wa tumbaku, vipande vya kazi vya manamba: karatasi hizo zina majina na aghalabu tarehe. Zipige picha kwa simu, uzirudishe kwa mwenyewe. Atakayetaka kwenda mbali zaidi, Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zimehifadhi kumbukumbu za utawala wa Wajerumani na Waingereza.

Nne, andika nani alikwambia na lini. Wazee wawili wakihitilafiana, andika kauli zote mbili. Na ukikutana na jambo la aibu, kama utumwa au mtoto wa nje ya ndoa, andika kile ambacho haki ya mtu inakitegemea, mengine uyasitiri. Daftari la nasaba si la kusomwa barazani.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambaa vijijini, Ungoni ikiwemo, kuwahoji wazee walioishuhudia Majimaji. Mtoto wa miaka kumi wakati wa vita alikuwa na zaidi ya sabini wakati huo. Lau wangengoja miaka ishirini zaidi, wangemhoji nani?

Sisi wa kamati tulijilaumu pia. Tumezika watu miaka yote hii bila kuweka daftari la marehemu na jamaa zao. Sasa tumelianza, na kila anayeleta taarifa ya msiba anaulizwa majina matatu ya marehemu, mama yake na ndugu zake. Tunaziomba kamati nyingine zifanye hivyo.

Nawe msomaji, Ijumaa hii baada ya swala, usipitilize nyumbani. Mpitie shangazi.

Wabillahi tawfiiq.