Akili mnemba ilipofuta kanzidata: Je, kuiambia 'usiguse' kunatosha?

Julai 2025, Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr ya Marekani, alikuwa siku ya tisa akijenga programu ya wavuti kwa kuielekeza akili mnemba ya Replit anachotaka. Alikuwa ametoa agizo kwamba kazi isimame na kisibadilishwe chochote bila ruhusa yake.

Akili mnemba ikafuta kanzidata. Taarifa za wakuu 1,206 wa makampuni, pamoja na za kampuni zaidi ya 1,190, zikatoweka.

Alipoihoji, ikajibu kwamba ilishikwa na hofu na ikakiri kuvunja agizo. Kisha ikamwambia data hairudishiki. Hilo nalo halikuwa kweli, kwani Lemkin alijaribu mwenyewe na data ikarudi.

Habari ilisambaa mitandaoni kama kituko cha roboti mkaidi. Lakini fundi wa wavuti akiisoma, jicho lake linatua kwingine: data ya majaribio na data halisi zilikaa mahali pamoja. Agizo la Lemkin lilikuwa maneno tu, mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Karakana mbali, duka mbali

Mradi wa wavuti unaoendeshwa vizuri huwa na angalau mazingira mawili, mara nyingi matatu. Kuna la kutengenezea, ambalo kwa kawaida ni laptopu ya fundi. Kuna la kufanyia majaribio ya mwisho. Na kuna lile halisi ambalo wateja wanalitumia.

Ndani ya laptopu yenyewe kuna utengano mwingine. Mtu mwenye miradi miwili ya Python, mmoja wa zamani na mmoja mpya, akiitumikisha kwa maktaba zilezile, siku akisasisha kwa ajili ya huu, ule unakufa. Ndiyo maana Python 3.3 ya mwaka 2012 ilikuja na zana ya venv, inayoupa kila mradi maktaba zake. Mwaka uliofuata ikaja Docker, inayofunga programu na mahitaji yake ndani ya kontena.

Zana hizi zinapatikana bure, na kujifunza misingi yake ni kazi ya siku chache. Basi kwa nini ajali haziishi?

Kwa sababu kontena si ukuta kama ufunguo wa duka umeachwa ndani yake. Fundi anaweza kuwa na mazingira safi kabisa kwenye laptopu, halafu faili la mipangilio likawa na nywila ya kanzidata halisi, labda kwa sababu jana usiku alikuwa na haraka ya kurekebisha kitu. Hapo hajatenga chochote. Amri yoyote ya kufuta atakayoiandika 'kwa majaribio' itafika kwa wateja. Na akili mnemba aliyoiruhusu kusoma folda hiyo inaisoma nywila hiyo pia.

Binadamu naye hufuta

Januari 31, 2017, usiku, mhandisi wa GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata, kuu na ya akiba. Akadhani yuko kwenye ya akiba, akafuta folda ya data. Alipogundua na kuikatiza amri, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu.

Bakapu ya kila siku? Haikuwepo. Programu ya kuichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, ikawa inashindwa kimyakimya. Barua pepe za kutoa tahadhari nazo zilikuwa zinakataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua saa 6 hivi kabla, ili aipeleke kwenye mazingira ya majaribio. Yaani karakana ndiyo iliyolirudisha duka. Data ya saa hizo 6 ilipotea.

Lakini nakala hiyo ina upande wa pili. Data ya wateja ikihamia kwenye laptopu za mafundi, bado ni data ya wateja. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na faini yake inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo. Tanzania ilitunga yake 2022. Kwa hiyo karakana inahitaji data ya kubuni, au iliyoondolewa majina na namba za simu. Kazi hiyo inachosha, na wengi huiruka.

Mfano mzuri uko karibu. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, una mazingira ya majaribio yenye anwani yake na funguo zake. Funguo hizo hazifungui mfumo halisi. Fundi akikosea saa nane za usiku, anakosea ndani ya mazingira ya majaribio.

Baada ya tukio la Lemkin, mkuu wa Replit, Amjad Masad, alisema jambo hilo halikubaliki na halikupaswa hata kuwezekana. Kampuni ikatangaza kutenganisha kiotomatiki kanzidata ya kutengenezea na ile halisi, pamoja na hali ya mazungumzo tu ambamo akili mnemba inapanga bila kugusa kitu.

Hiyo ni kwa wateja wa Replit. Mwenye tovuti ya zamani kwenye seva ya kukodi, anayebadilisha mafaili mojamoja huku wateja wakiwa ndani, bado ana kazi ya kufanya kwa mkono: kanzidata ya pili, nywila ya pili, na faili la mipangilio ambalo ndani yake ile nywila ya kwanza haimo.